Maji ya kunywa wanateka wapi?

Ilianza na video tu. Nafkiri nyote mshaiona, jamaa mmoja kifua wazi, miwani ya mbao usoni, bunduki ya samaki mkononi, anatembea chini ya bahari kama mtu katumwa dukani, hana mtungi hana mpira wa pumzi hana chochote, anakanyaga mchanga huko chini taratibu mpaka anamfikia samaki. Mie nimeiona mara sijui ngapi. Mwezi uliopita niko nyumbani Shimoni, pwani ya Kenya, stima zimepotea, tumekaa barazani na ami yangu, simu imebaki chaji kidogo, nkamwambia ami hebu tizama watu hawa.

Ami ni Mpemba. Babu alivuka mkondo kufuata dago (kambi ya wavuvi), akaoa, akabaki, na ami kazaliwa hapahapa Kwale na amezamia pweza tangu mtoto mdogo. Akaitizama video mpaka mwisho, hakusema mashaallah wala lahaula, akairudisha nyuma (sikujua kama anajua kurudisha), akaitizama tena, halafu akauliza swali moja tu.

"Maji ya kunywa wanateka wapi hawa?"

Nilikereka kidogo, manake mie nilitaka aulize pumzi! Majibu ya pumzi ninayo tele. Nikampa hivohivo. Nkamwambia ami hawa ni Wabajau, wenyewe wanajiita Sama, wametawanyika kusini mwa Ufilipino, Sabah kule Malaysia, na mashariki ya Indonesia, na kuna watafiti walikwenda kijiji chao kimoja kinaitwa Jaya Bakti, Sulawesi, wakawapima bandama kwa ile mashine wanayopimiwa waja wazito, wakawapima na majirani zao Wasaluan ambao ni watu wa shamba. Wabajau 59, Wasaluan 34. Bandama za Wabajau zikaonekana kubwa zaidi kwa kama asilimia 50. Na bandama kazi yake moja ni kuweka akiba ya damu, ukizama inajikamua inamwaga chembe nyekundu zenye oksijeni mwilini, yaani ni kama dumu la akiba. Sasa kilichowashtua ni kwamba hata Mbajau ambaye hazamii kabisa, muuza duka, bandama yake kubwa vilevile, ndo wakatafuta kwenye jeni (jeni, sio jini, ingawa majini nao wanakuja huko mbele) wakaikuta moja inaitwa PDE10A inayohusika na homoni ya shingoni, ile ya tezi. Utafiti ulitoka 2018 na tangu hapo ndo intaneti ikachafuka, kila mtu "kabila la samaki", "nusu binadamu nusu samaki", na picha ya yuleyule mtoto na yuleyule papa.

Ami akasikiliza yote. Akasema, "Haya, bandama. Na masikio?"

Hapo ndo nikajua naongea na mzamiaji. Manake masikio ndo habari yenyewe. Wengi wao wanapasuka kiwambo cha sikio wakiwa wadogo, na kuna wanaokipasua kusudi, mtoto anatoka damu puani na masikioni, analala wiki nzima ana kizunguzungu, halafu baada ya hapo anazama bila maumivu, lakini uzeeni anakuwa kiziwi au nusu kiziwi. Hiyo hutaiona kwenye zile video za muziki wa filimbi. Ami sikio lake la kushoto halisikii vizuri, ukitaka kumuomba pesa lazima ukae kulia, kwa hiyo alitikisa kichwa tu, hakuuliza zaidi.

Lakini akarudi palepale. "Hujanambia maji."

Nikakaa usiku ule nasoma (chaji ya jirani, Mungu ambariki) na nikagundua kwamba ami kauliza swali ambalo ukilifuata unayafungua maisha yao yote. Manake hawa tunaambiwa ni watu wa bahari, hawakanyagi nchi kavu, wakikanyaga wanalewa kama vile sisi tunavolewa jahazini. Sawa. Lakini bahari haina maji ya kunywa, haina kuni, haina muhogo. Kwa hiyo Msama wa kwenye chombo maisha yake yote anategemea kisima cha mtu mwingine. Anakwenda kisiwani na samaki, na kombe, na jongoo bahari, anarudi na maji, kuni, muhogo na mchele. Siku mwenye kisima akisema leo hapana, bahari yote ile haikusaidii.

Na ndo maana nafkiri majirani zao waliwaona wadogo. Watausug wa visiwa vya Sulu, kusini mwa Ufilipino, walikuwa na jina la kuwaita hawa wa kwenye vyombo, luwaan, maana yake kilichotemwa, yaani kitu ulichokitia mdomoni ukakitema. Ilhali karne ya 18 na 19 masultani wa Sulu walikuwa wanatajirika kwa jongoo bahari na lulumizi za kuuza China, na aliyekuwa anazama kuvitoa ni nani, si huyohuyo aliyetemwa! Hii biashara ya jongoo bahari hata huku kwetu ipo, wanaookota wanajua nani analala njaa na nani anajenga ghorofa.

Nisichanganye watu, sio wote wanaishi chomboni. Wasama wenyewe wanagawana, Sama Dilaut ni wa baharini, wengine wa nchi kavu, na siku hizi wengi wako kwenye nyumba za nguzo juu ya maji ya kina kifupi, kama Sitangkai kule Ufilipino au Torosiaje kule Gorontalo, au Mola na Sampela kwenye visiwa vya Wakatobi, hizo zote Indonesia. Kuna Wabajau wengine pwani ya magharibi ya Sabah, Kota Belud, hawa ndo kichekesho, wanasifika kwa kupanda farasi! Farasi wenyewe wanavishwa nguo na njuga siku ya sherehe. Nilipomwambia ami alicheka mpaka akakohoa.

Lakini chombo chao, lepa, hicho nimekipenda walahi. Ubao mzuri umechongwa nakshi mbele na pembeni, kuna paa la makuti au mkeka, familia nzima ndani, mtu na mkewe na watoto na chungu. Na jiko. Jiko lao linaitwa lappohan, la udongo, limefinyangwa na kitako chake kama sinia ili jivu na makaa visiangukie kwenye mbao, halafu mbele pameinuliwa pembe tatu za kuweka chungu, yaani mafiga na sakafu yake kitu kimoja. Yanafinyangwa na kina mama wa kisiwa cha Selakan karibu na Semporna, mji wa pwani ya Sabah. Nikamwonyesha ami picha akaichunguza muda mrefu kuliko alivyochunguza mzamiaji. Yeye dago anapika kwenye debe lililotiwa mchanga, na mara mbili limempindukia.

Sasa kwenye hilo jiko wanapika nini? Muhogo! Unakunwa, unakamuliwa maji yote mpaka unakuwa kama chenga, halafu unapikwa kwa mvuke, wanauita putu, unaliwa na samaki. Na kingine tehe-tehe, hii sikiliza vizuri, wanachukua wale viumbe wa miiba wanaotuchoma miguu kwenye miamba, jamii yao ile inayoliwa, wanapangusa miiba, wanatoboa, wanasafisha ndani wakiacha yale mayai, wanajaza mchele, wanafunga tundu kwa jani, wanachemsha. Ukiiva unavunja gamba kama yai, unakuta wali umekaa duara umeshika ladha ya bahari. Wali wa nazi bado nautetea lakini hiyo ningeijaribu.

Wanawake wanapaka usoni uji wa unga wa mchele na manjano, wanauita burak, kuzuia jua. Ukimwona bibi wa Semporna katika mtumbwi na uso mweupe hivo utasema ni bi harusi kapakwa liwa, kumbe anakwenda kuuza samaki. Na mikeka yao, ya ukindu wa aina yao, haishonwi ukili juu ya ukili kama yetu, inasukwa mzima mzima, rangi kali, mapambo ya pembe pembe. Bibi mmoja wa Tawi-Tawi, visiwa vya kusini mwa Ufilipino, Haja Amina Appi, nchi yake ilimpa heshima ya hazina hai ya taifa mwaka 2004 kwa mikeka tu, yote ilikuwa kichwani, hakuchora popote. Shangazi zangu Pemba wana mikono hiyohiyo na hakuna aliyewahi kuwapa hata cheti cha kijiji, lakini tuyaache.

Haya, turudi kwenye nchi kavu manake ndo ninakoelekea.

Sisi mtu akitaka kusema kwao ni wapi anasema kitovu changu kimezikwa pale. Kuna vijiji vya Wabajo (ndo Wabajau wanavyoitwa Indonesia) wa Sulawesi kondo la nyuma la mtoto linapelekwa baharini, na hilo kondo ni ndugu yake, kaka yake mkubwa, anakaa majini anamlinda, na mtoto akiugua wanakwenda kumuuliza huyo ndugu kakosewa nini. Kwa hiyo kitovu chao kimezikwa baharini kikwelikweli. Ni Waislamu wengi wao, wanaswali, wanaoa kwa kadhi, na pembeni yake kuna Omboh Dilaut, mzee wa baharini, na kuna ngoma ya kuchezea majini inaitwa magpaigal djin, djin hilohilo jini letu, na mganga anapanda na kucheza mpaka anasema. Msijifanye mnashangaa. Pemba tunaijua.

Lakini wakifa wanarudi ardhini. Hili lilinishika. Mtu kazaliwa kwenye lepa, kalala kwenye lepa miaka sitini, akifa wanampakia wanakwenda mpaka kisiwa cha makaburi, Tawi-Tawi kuna Bunabunaan, Semporna kuna Omadal, wanamzika mchangani na juu ya kaburi wanasimamisha mti uliochongwa unaitwa sunduk. Hawakukanyaga nchi kavu isipokuwa kwa vitu vichache: maji, kuni, chakula na kaburi. Ami akasema, "Basi wana kwao." Nikamuuliza vipi. Akasema palipo na makaburi ya wazee wako ndo kwako, bahari haizikwi mtu ukapajua.

Wenyewe wana hadithi yao ya kwa nini wanazunguka. Kulikuwa na binti wa mfalme, wengi wanasema wa Johor, akachukuliwa na maji, mafuriko au tufani, mfalme akawatuma mabaharia wake wamtafute na msirudi bila yeye. Wakatafuta, hawakumpata, wakaogopa kurudi, ndo wako huko mpaka leo. Kila kijiji kina mfalme wake kwenye hadithi, kwengine Johor kwengine Luwu au Gowa, lakini kila mara wao ni watu wa mfalme waliotumwa, sio watu waliotemwa. Na wako huko kitambo, Pigafetta yule aliyesafiri na Magellan alipita karibu na Zamboanga mwaka 1521 akaandika kuna watu wanakaa vyomboni tu, hawana nyumba nyingine.

Na sasa kitu ambacho sikukitegemea. Lugha yao, Sinama, wataalamu wanaipanga kwenye ukoo wa lugha za Barito kusini mwa Borneo, na ukoo huohuo ndo imo lugha ya Bukini, yaani Madagaska kama wazee walivyoiita. Saba na nane kwa Sinama ni pitu na walu. Kwa Kibuki, fito na valo. Watu wa ukoo ule walivuka bahari ya Hindi nzima zaidi ya miaka elfu moja nyuma, na wanaochunguza vyombo wanasema ngalawa yetu, ile mirengu miwili ya pembeni ya kuizuia isipinduke, asili yake ni hukohuko. Kwa hiyo ami anakalia ujuzi wa binamu zao kila siku. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Mie siku zote najua ngalawa haikutoka Mombasa." Ami na Mombasa ni kesi nyingine.

Tusiwapambe lakini. Baruti wanapiga, chupa na mbolea, kama tu ilivyopigwa Tanga na Dar na Mtwara mpaka matumbawe yakawa kifusi. Sumu ya sayanaidi nayo, wanawapulizia samaki wa mwambani wakalewa ili wauzwe hai, soko lake Hong Kong. Na kompresa, mpira mrefu mdomoni kutoka mashine ya kujazia matairi, mtu anakaa chini saa nzima, anapanda haraka, hewa inatoa mapovu kwenye damu, wengine wanapooza miguu ujanani. Unaona sasa, bandama na PDE10A zote unazo halafu unamalizwa na mashine ya matairi, na yote kwa sababu samaki wa karibu wameisha na tajiri anadai deni lake la injini.

Kubwa zaidi ni karatasi. Sabah kuna Wabajau raia kabisa, wengi, hata kiongozi wa serikali ya jimbo 2018 mpaka 2020, Shafie Apdal, ni Mbajau wa Semporna. Lakini Bajau Laut, hawa wa baharini, wengi hawana cheti chochote. Wazee wao walikuwa wanakwenda na kurudi kabla mpaka haujachorwa baina ya Ufilipino na Malaysia, na miaka ya 1970 vita vya kusini mwa Ufilipino vikawasukuma wengine. Mtoto kazaliwa chomboni, mamake kazaliwa chomboni, huyu utamwandika wa wapi? Shule ya serikali haingii, hospitali anatozwa kama mgeni. Mwezi Juni 2024 wakaja maafisa kwenye visiwa vya hifadhi ya bahari ya Tun Sakaran, Semporna, nyumba za nguzo zikabomolewa na nyengine kuchomwa moto, zaidi ya watu 500 wakabaki bila makazi kwa hesabu ya wanaharakati, serikali ikasema ni usalama wa mpaka na sheria ya hifadhi. Na kila mwaka mwezi wa Aprili, Semporna hiyohiyo, kuna Regatta Lepa, sherehe ya lepa zilizopambwa bendera za kila rangi, watalii wanapiga picha, tangu 1994. Lepa wanaitaka, mwenye lepa hawamtaki.

Hata Wabajo wa Indonesia, walizoea kusafiri mpaka miamba ya kaskazini ya Australia kutafuta jongoo bahari, mwaka 1974 nchi mbili zikaandikiana makubaliano, mnaruhusiwa hapa na hapa tu, na vyombo vya asili visivyo na injini. Ukishikwa nje ya mstari chombo kinachomwa. Mstari wenyewe uko wapi? Majini.

Hii ya karatasi sikumsomea ami kwa mbwembwe, nilimsomea polepole. Manake ami, kazaliwa Kwale, hakuwa na kitambulisho mpaka Wapemba wa Kenya walipotambuliwa mwaka 2023. Mie nilikipata mapema kupitia upande wa mama. Yeye miaka yote hiyo leseni ya uvuvi hapewi, laini ya simu kaisajili kwa jina la mtoto wa jirani, akiona boti ya askari anakunja tanga anajificha mikokoni na samaki wanaoza. Sikutegemea aseme chochote na hakusema. Akauliza tu, "Wale waliochomewa, wamekwenda wapi?" Nkamwambia wengine wamerudi vyomboni, wengine wamejenga palepale tena. Akasema, "Watajenga."

Siku ya pili ilikuwa bamvua, akawa anatoka alfajiri, nikamsindikiza pwani kumbebea nyavu. Kitu cha kwanza kuingia ngalawani ni dumu la maji, lita ishirini, kalifunga kamba kwenye mlingoti. Halafu akatoa mfukoni kinailoni kimefungwa fundo mbili, ndani kitambulisho, akakiingiza kwenye kopo la maziwa la watoto akalifunga kifuniko akalisukuma chini ya ubao wa tezi. Nkamwambia ami chumvi itakiharibu, kiache nyumbani. Akanambia nipeleke sauti upande wa kulia, hakusikia.